Vigingi Kumi na Viwili vya Ziwa la Tatu

Tangu nirudi Morogoro, kila anayeniona ananisalimia kwanza, halafu anauliza mbona niliaga kwamba nakwenda kupima maziwa matatu ya milimani na nimerudi na mawili. Wengine mmeuliza kwa huruma. Hamisi wa chumba cha jirani ameuliza kwa sauti, kwenye foleni ya chakula, mbele ya watu ambao walikuwa hawajui. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja tu, na atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome.

Habari za barua, vibali na mihuri nitaziruka. Zilichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe na hazina mtu wa kuchekesha hata mmoja.

Kwa wale ambao kwa miaka miwili mmekuwa mkiniitikia "ee" bila kujua nasoma nini: nasoma viumbe wa kwenye maji madogo yaliyotuama juu ya milima. Ni wadogo sana, hamwezi kuwaona kwa macho, na mkiwaona hamtawapenda. Kila ziwa nilipaswa kulizungushia vigingi kumi na viwili, vingine ndani ya maji na vingine ukingoni. Kwenye vile vya majini nafunga kigae, nakiacha siku tano kamili, viumbe wanakuja kukaa juu yake, nami narudi alfajiri ya siku ya tano kuwahesabu. Siku nne hazitoshi. Maziwa mawili hayatoshi pia. Bila la tatu sina cha kulinganisha, na sura nzima ya tasnifu inabaki kichwa cha habari. Msimamizi wangu alishaniambia kwamba mvua zikianza vigae vinaoshwa, na kwamba chuo hakitanigharamia safari nyingine. Hayo ndiyo niliyoyabeba kichwani. Mgongoni nilibeba vigingi thelathini na sita.

Mugumu, siku ya Sabato

Nilikuwa nimeelewana kwa simu na dereva wa bodaboda anayeitwa Wambura. Nilimuuliza kama Jumamosi atakuwepo, akasema nipo. Nilifika Jumamosi asubuhi nikamkuta amevaa suti, Biblia mkononi, pikipiki imefunikwa turubai.

"Kaka Wambura, si ulisema upo?"

"Si nipo?" akajibu. "Leo Sabato. Pikipiki inapumzika. Twende kanisani."

Mimi ni Msambaa wa Lushoto na jina langu ni Zaituni. Nilikuwa na mtandio kichwani na sanduku la barafu la kuhifadhia sampuli mkononi. Nikamweleza. Akasema kanisa lina nafasi. Kwa kuwa nyumba ya wageni ilikuwa bado haijafunguliwa na mwenye ufunguo naye yuko kanisani, nilikwenda. Walipofika kwenye kutambulisha wageni, nikasimamishwa. Mzee wa kanisa akaniuliza nimekuja Serengeti kwa kazi gani. Nikasema nimekuja kuchunguza viumbe wadogo wa ziwani. Kanisa likasema amina. Akauliza kwenye sanduku kuna nini, nikasema barafu, wakasema amina tena, na sanduku likaombewa. Sijui kama mnajua, lakini barafu ile ilikaa siku tatu bila kuyeyuka. Nimeandika hivyo kwenye daftari bila maelezo.

Baada ya ibada tulikula makande yaliyopikwa Ijumaa, kwa sababu siku ile hawapiki. Nikaomba chai. Wao chai ya majani hawanywi, nikaletewa uji wa ulezi, na mama aliyeuleta alisimama mpaka nikamaliza. Jua lilipozama, Wambura alibadili suti akaja na pikipiki inanguruma. "Sasa twende," akasema. Nilimwambia giza limeingia, ziwa nitaliona vipi. Akanitazama kama unavyomtazama mtu asiyejua anataka nini maishani, tukapanga Jumapili.

Ziwa la kwanza liko kati ya miamba mikubwa, umbali wa saa moja na nusu kutoka mjini, dogo kuliko uwanja wetu wa mpira wa pete. Nilipigilia vigingi, nikarudi siku ya tano. Vyote vilikuwepo. Kimoja nilikuwa nimekiacha kimelegea. Mtu asiyejulikana alikuwa amekipigilia vizuri zaidi. Nikadhani mkoa mzima uko hivyo.

Kutoka Mugumu hadi Nyamwaga, kupitia ukweni

Gari dogo lililonichukua kwenda Nyamwaga liliondoka kwa wakati, jambo ambalo lingenipa wasiwasi kama ningekuwa mzoefu. Baada ya saa moja dereva alikata kona, akaingia njia ya ng'ombe, akasimama mbele ya mji wa watu. Akageuka nyuma.

"Hapa ni ukweni kwangu," akasema. "Nina sukari ya mama mkwe. Mimi siwezi kuonana naye. Dada, wewe ni mgeni, mpelekee."

Abiria wote walikubali kwamba jambo hilo ni la kawaida na kwamba mimi ndiye ninayefaa. Mila yao ni kwamba mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani ana kwa ana, ni heshima. Nikabeba sukari. Dereva akaenda kusimama nyuma ya gari akainama, ingawa gari lilikuwa fupi na yeye ni mrefu.

"Shikamoo mama. Mkwe wako kakuletea sukari."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nyuma ya gari."

"Hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie amekonda."

Sijui alimwonaje. Nilimpelekea ujumbe. Dereva akasema nimwambie ni kazi. Nikarudi kusema ni kazi. Mama akasema hakuna anayeondoka kwake na njaa, na abiria wote sita tukaketishwa tukapewa ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Ugali ule ni mweusi na mzito, na maziwa yake yanataka kutafunwa kidogo. Nilikula kuliko nilivyokusudia. Dereva hakula. Alibaki nyuma ya gari kwa saa moja na dakika arobaini, na kila kitu kilichosemwa kati yake na mama mkwe kilipita mdomoni mwangu, pamoja na suala la ndama mmoja ambalo mpaka leo sijui liliishia upande gani.

Nyamwaga yenyewe haikunitesa. Ziwa la pili liko kwenye bonde la juu, limezungukwa na mashamba ya mahindi na migomba. Niliporudi siku ya tano vigingi vilikuwepo, ila vitano vya ukingoni vilikuwa vimefungiwa mbuzi. Nilimuuliza mwenye mbuzi kwa nini. Akasema alidhani nimevileta kwa ajili hiyo, na akanishukuru. Kwenye daftari niliandika kwamba majani ya ukingo yamepungua, sababu ni mbuzi. Maziwa mawili yalikuwa mkononi. Nilimtumia msimamizi picha na nikajisikia msomi.

Kupanda upande wa Nyanungu

Ziwa la tatu liko juu ya kilima upande wa Nyanungu. Kilima hicho sitakitaja jina, na mkifika mwisho mtaelewa. Dereva wangu sasa alikuwa Mwita, kijana wa Nyamwaga asiyeongea akiwa anaendesha na asiyeongea akiwa amesimama. Alikuwa amenipa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa, kwa usalama wa barabarani. Nilikivaa. Kilikuwa na mifuko mizuri ya kuwekea kamba ya kupimia.

Ardhi ya pale ni ya Mama Rhobi na majirani zake. Mama Rhobi ni mjane wa makamo, ana watoto wanne na ng'ombe watatu, na ng'ombe wa mtaa mzima wanakunywa kwenye ziwa hilo wakati wa kiangazi kwa sababu mto uko mbali. Alinikuta nimesimama uani kwake nikitafuta maneno.

"Kaa," akasema.

Nilidhani nimekosea kitu. Nikabaki nimesimama, nikaanza kuomba radhi.

"Nimesema kaa." Akaniletea kigoda, akaniletea chai ya maziwa matupu, akaketi mbele yangu kuhakikisha inakwisha. Ilinichukua siku nzima kujua kwamba sauti ile ndiyo ya ukarimu. Ya ugomvi niliisikia mara moja tu, na nashukuru kwamba haikuelekezwa kwangu.

Nilipoanza kupigilia vigingi, watu walikuja. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Nyamhanga, alikuja na fimbo na koti. Walisimama wakitazama. Lazima niseme kwamba katika miaka yangu yote ya kusoma sijawahi kupata watazamaji makini kama wale. Umakini wenu nyote wa darasani ukiunganishwa haufiki hapo. Mama mmoja mjamzito alisimama juani saa mbili.

"Mstari wako unapita wapi?" Mzee Nyamhanga akauliza.

Nikafurahi kuulizwa. Nikawatembeza mstari mzima, kigingi kwa kigingi, vyote nimevipaka rangi nyekundu ili vionekane kwenye matete, na kila kimoja nimekiandika namba.

"Na mwisho wa eneo?"

"Pale kwenye mwamba."

"Sasa huyu aliye nje ya mwamba, yeye hayumo?"

"Hayumo," nikasema, "ila siku nyingine tunaweza kupanua."

Wakatazamana. Mzee mmoja alinishika mkono kwa mikono miwili. Usiku ule nililala kwa Mama Rhobi nikiwaza kwamba hatimaye nimefika mahali ambapo watu wanaithamini sayansi.

Kushuka Kewanja kutafuta barafu

Barafu ya maombi ilikuwa imekwisha, na umeme wa uhakika wa karibu ulikuwa Kewanja, kijiji kilicho ubavuni mwa mgodi mkubwa wa dhahabu. Mwita akanishusha huko nikae siku tatu, kisha nipande kwa ajili ya alfajiri ya siku ya tano.

Kewanja kila mtu ametoka mahali pengine. Nilipanga chumba karibu na genge la Masanja, Msukuma aliyetoka Shinyanga miaka tisa iliyopita kuja kuchimba dhahabu. Sasa anauza samaki na barafu. Nilimuuliza kwa nini aliacha dhahabu. Akasema samaki wanaonekana.

Siku tatu nilikula sato wa Masanja na kusikiliza habari zake. Ya tatu, tukiwa tunakula mchana, alinionyesha mlimani ng'ambo ya barabara, nyumba nyingi za bati zilizosimama mahali ambapo hata mbuzi angepata shida. Hazikuwa na moshi wala nguo kwenye kamba, na milango nayo haikuwepo.

"Wanakaa akina nani kule?"

"Hakuna anayekaa, dada. Zile zimetegeshwa."

Akanieleza. Mtu akisikia kwamba mgodi unataka eneo fulani, au akiona wapimaji wameweka alama, anawahi. Anapanda migomba, miti, mkonge, anasimamisha nyumba ya haraka. Watakapokuja kuhesabu mali za kulipa fidia, wanakuta shamba na makazi. Huko kunaitwa kutegesha. Wengine walifanikiwa zamani. Wengi zaidi walikula hasara, lakini wanaokumbukwa ni wale wachache.

Nilicheka sana. Nilisema watu wana akili za ajabu, kujenga nyumba kwa sababu ya kijiti.

"Hata sasa kuna eneo jipya," Masanja akasema huku akichambua mfupa. "Upande wa Nyanungu. Wanasema wiki hii kapita dada mmoja wa vipimo, kaweka mstari mpaka mwambani, na kasema watapanua. Mimi nimeshanunua miche thelathini ya parachichi, nangoja usafiri."

Nikaacha kucheka.

"Masanja, huyo dada alivaaje?"

"Kizibao cha chungwa. Kama kile ulichoanika pale."

Tukakitazama wote wawili. Kilikuwa kinakauka vizuri. Masanja akanawa mikono polepole, akaniuliza vigingi vyangu ni vya rangi gani. Nikamwambia. Akaniuliza kama ni kweli watapanua.

Kupanda tena, siku moja kabla ya wakati

Nilimpigia Mwita, akaja. Ilikuwa asubuhi ya siku ya nne. Njiani tulipitwa na pikipiki yenye mabati, halafu nyingine yenye mabati, halafu moja yenye migomba michanga imesimama wima kama abiria. Nilimuuliza Mwita kama alijua. Akasema alijua.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema. Kisha baada ya kilomita kama mbili akaongeza, "Na mimi nimepanda kidogo."

Jamani, ziwa langu. Kwenye ukingo ambao siku nne nyuma ulikuwa na matete na vyura, kulikuwa na nyumba tatu za bati na ya nne inapigwa misumari. Kulikuwa na mistari ya migomba mpaka ndani ya maji. Mingine ilikuwa imezama magotini na majani yake yanaelea. Udongo ulikuwa umechimbwa ukasukumwa ziwani, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya Mama Rhobi. Watu walikuwa wameweka miiba kutenga kipande cha huyu na cha yule, na ng'ombe walikuwa wamesimama nje ya miiba wakitazama maji. Ila vigingi vyangu vyote kumi na viwili vilikuwepo. Vilikuwa vimelindwa kuliko kitu chochote pale. Kimoja kilikuwa kimejengewa uzio wake. Kigingi namba tatu kilikuwa sebuleni kwa mtu.

Mama Rhobi alikuwa anapigilia udongo kwenye mgomba. Alifurahi kuniona.

"Umewahi. Wenzako wako wapi?"

"Shikamoo mama. Sina wenzangu. Mama, mimi ni mwanafunzi. Napima maji tu."

"Marahaba. Najua. Hata wale wa kwanza, kule chini, walisema wanapima maji." Akanionyesha kati ya migomba. "Nimekuachia njia upite na vyombo vyako."

Nilimwomba Mzee Nyamhanga aite watu. Walikusanyika haraka kuliko kanisa la Mugumu. Nikasema kwa Kiswahili, naye akasema kwa Kikurya kwa wale wasionisikia vizuri: kwamba sitoki mgodini, simjui mtu wa mgodini, hakuna fidia, hakuna mtu atakayekuja. Nikaonyesha kitambulisho cha chuo kikapita mikononi mwa wote. Kisha nikaomba maswali. Mama mmoja akauliza kati ya mgomba na mparachichi upi unahesabiwa zaidi. Nikarudia kwamba hakuna. Mzee aliyenishika mkono siku ya kwanza akasema kwa upole kwamba mtu asiye na jambo hakatai kwa nguvu hivyo. Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Nikaona kwamba kila neno ninalosema linazidi kuota bati.

Kilichokuja kuniuma zaidi nilikuwa bado sijakijua. Mkutano ulipovunjika, Mama Rhobi alinivuta pembeni kuniuliza jambo kwa siri. Alitaka kujua kama nyumba ya vyumba viwili inatosha au wanataka vitatu. Mabati ya viwili anaweza kuyapata leo. Dalali anakuja saa nane mchana kumchukua ng'ombe wake wa maziwa.

"Yupi?"

"Huyo mmoja ndiye anayekamuliwa. Wale wawili ni ndama."

Alikuwa amefungwa chini ya mti kwa kamba mpya, ameshapigwa brashi. Watoto wanne walikuwa wameketi karibu naye bila kucheza.

"Mama, usimtoe. Nakuomba. Hakuna kitakachokuja."

"Wewe sema vyumba vingapi."

Ilikuwa saa sita na nusu. Nilikwenda kukaa juu ya mwamba, pale mwisho wa eneo, nikapiga hesabu zangu. Ziwa lilikuwa limechafuka, lakini vigae vya katikati, kwenye kina, havikuguswa. Vigingi vikikaa mpaka alfajiri ya kesho, siku tano zinatimia, ninapata ziwa la tatu, lenye maelezo marefu ya chini ya ukurasa, lakini ziwa. Nilimpigia msimamizi. Akasema migogoro ya jamii si sehemu ya utafiti wangu, nichukue vigae kesho nirudi. Alikuwa sahihi kabisa kwa mtu aliye Morogoro. Nikimsikiliza, ng'ombe anaondoka saa nane, na mimi naondoka kesho na daftari limejaa, na Mama Rhobi anabaki na nyumba ya vyumba viwili isiyo na mlango kando ya tope.

Niliona aibu, na sitaipamba. Watu wale walinisikiliza kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisikiliza, na mimi nikachukua usikivu wao kama sifa yangu. Sikuwauliza hata mara moja wanadhani ninafanya nini.

Nikavua viatu, nikaingia majini.

Kigingi cha kwanza kilikataa, nikakitikisa mpaka kikatoka. Cha pili kilitoka na kigae chake, na kigae kilikuwa na utelezi wa kijani mzuri, wa siku nne. Nikakitupa ukingoni. Nilipofika cha nne watu walikuwa wamesimama kwenye ukingo wote. Nyundo ya ile nyumba ya nne ilikuwa imenyamaza.

"Unang'oa?" Mzee Nyamhanga akauliza.

"Nang'oa."

"Utarudishia?"

"Sirudishii."

"Kesho?"

"Hata mwakani, mzee."

Nilipokwenda kwenye nyumba yenye kigingi namba tatu, mwenye nyumba alisogea mlangoni, yaani pale ambapo mlango ungekuwa, akanipisha. Nilipotoka nikaona mtu mmoja ameokota kigingi namba mbili anaondoka nacho kuelekea shambani kwake, anatazama huku na huku pa kukisimika. Mama Rhobi alimfuata. Sikuelewa alichomwambia kwa Kikurya, lakini nadhani hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya ugomvi, kwa sababu mtu yule alikiacha kigingi na kofia yake pia.

Mama Rhobi akakusanya vyote kumi na viwili, akaviweka kwapani kama kuni, akasimama mbele yangu. Nilikuwa nimelowa mpaka kifuani na bado nimevaa kile kizibao.

"Sasa nimejua wewe si wa mgodi," akasema. "Wale hawang'oi."

Akatoa simu kwenye khanga akampigia dalali. Alisema maneno machache, akakata kabla ya yule wa upande wa pili kumaliza. Mtoto wake mkubwa hakungoja kuambiwa. Alikwenda akafungua kamba. Watu walianza kutawanyika mmoja mmoja bila kunitazama, isipokuwa wawili waliobaki wakiondoa miiba ili ng'ombe wapite. Masanja alinipigia wakati ule ule kuuliza kama asubiri na miche. Nikamwambia aiuze.

"Twende ukaote moto," Mama Rhobi akasema. "Na hivi tunapikia. Nikiviacha nje, kesho vitaonekana vimesimama kwa mtu."

Jikoni alivivunja juu ya goti, akavipanga kati ya mafiga, akabandika sufuria ya ugali. Rangi nyekundu ilinuka vibaya. Vya ukingoni vilishika mara moja. Vile vya majini vilifuka tu moshi, na nikaweza kusoma namba zangu moja moja, tano, nane, kumi na moja, kabla hazijaliwa na moto. Miaka yangu miwili ilikuwa pale inachemsha maji. Machozi yakanitoka, nikayafuta kwa ncha ya mtandio, nikasema ni moshi.

Mama Rhobi alinitazama kidogo huku anasonga.

"Ni moshi," akasema, akanisogezea kigoda upande ambao moshi haukuwa unaelekea.